Mazoezi Si ya Gauni la Harusi



Msimu wa harusi umeshafunguka, na simu zetu zimejaa matangazo yale yale. Chai ya kukata tumbo. Mkanda wa kuchoma mafuta. Unga kwenye kikopo kisicho na jina la kiwanda, kilo 10 kwa wiki 3, mwali ang'are. Pembeni ya hayo kuna tangazo la mazoezi, nalo linauzwa kwa lugha hiyo hiyo: miezi miwili kabla ya harusi, lipia, ruka kamba, zipu ya gauni ifunge. Fungate ikisha, hakuna anayemuuliza bi harusi kama bado anatembea hata robo saa kwa siku. Picha zimeshapigwa, biashara imekwisha.

Sisi tunasema hii ni dhulma. Mwali anapewa mazoezi kama adhabu ya muda mfupi, halafu ananyang'anywa siku ile ile anapoingia kwenye maisha ambayo ndani yake angeyahitaji zaidi: mimba, uzazi, malezi, presha, sukari, na uzee Mwenyezi Mungu akitujaalia kuufikia. Na wanaomnyang'anya ni watu wanaompenda: mama, wifi, mume, na sisi mashoga zake tunaomwambia, "Umeshaolewa, unamkimbilia nani tena?"

Hatusemi kwa hisia tu. Ushahidi wa faida za mazoezi umekusanywa kwa miaka zaidi ya 70, na tunaomba tuutazame pamoja, kwa utulivu, kabla hatujamruhusu muuza chai atusemee.

Utafiti mmoja ni punje moja

Kila wiki kwenye makundi yetu ya simu hutumwa ujumbe unaoanza na maneno "utafiti umegundua". Utafiti upi, wa watu wangapi, umefanywa vipi, hatuambiwi. Haba na haba hujaza kibaba, na elimu ya afya ni hivyo hivyo: punje moja si kibaba.

Chukueni mfano huu. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris, yeye na wenzake, walichapisha walichokiona kwenye mabasi ya ghorofa ya London. Dereva anakaa kutwa. Kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa. Makondakta waliugua maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva. Sisi tunaopanda daladala tunaielewa picha hiyo bila ya kufundishwa.

Lakini Morris hakukimbilia kutangaza ushindi. Mwaka 1956 walitazama saizi za sare za wafanyakazi hao, wakakuta kwamba hata miongoni mwa vijana, suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana kuliko za makondakta. Maana yake nini? Huenda waliokwenda kwenye udereva walikuwa na miili tofauti tangu mwanzo, na ngazi si jibu lote. Huo ndio uaminifu tunaoutaka: mtu anayeuliza swali linaloweza kuivunja hoja yake mwenyewe. Muuza kikopo hajawahi kuuliza swali la namna hiyo.

Kwa hiyo watafiti wakaendelea kwa njia iliyo imara zaidi: kugawa watu kwa kura, hawa wafanye mazoezi, hawa wasifanye, kisha wangoje waone. Katika mji wa Da Qing, China, mwaka 1986, kliniki 33 ziligawanywa hivyo. Watu 577 walikuwa na sukari iliyopanda lakini haijafika kuwa kisukari. Wengine walishauriwa juu ya chakula, wengine mazoezi, wengine vyote viwili, na wengine waliachwa na huduma ya kawaida. Baada ya miaka 6, waliopewa mazoezi peke yake walikuwa na hatari ya kupata kisukari iliyo pungufu kwa takriban asilimia 46 ukilinganisha na walioachwa.

Marekani nako, mwaka 2002, yalitoka matokeo ya jaribio la watu 3,234 waliokuwa na hatari kama hiyo. Waliobadilisha mwenendo wao, kula kwa kiasi, kupunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin walipunguza kwa asilimia 31. Tuwe wakweli: hapo chakula na mazoezi vilikwenda pamoja, hivyo sifa zote si za mazoezi. Lakini ukiiweka punje ya London, ya Da Qing na ya Marekani kwenye kibaba kimoja, zote zinaelekea upande mmoja. Nchi tofauti, watu tofauti, njia tofauti, jibu linafanana. Hapo ndipo tunapopata haki ya kusema "tunajua".

Kibaba kinasema nini

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikusanya tafiti za namna hii na kutoa kipimo cha mtu mzima: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu ya hizo kama ni mwendo mkali, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Nusu saa kwa siku 5 za wiki, basi. Sharti la zamani kwamba lazima uende dakika 10 bila ya kusita limeondolewa, kwa hiyo hata ngazi za Michenzani na mwendo wa kwenda sokoni vinahesabika.

Na hizo hatua 10,000 zinazotutisha kwenye simu? Asili yake ni kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilibeba idadi hiyo. Mwaka 2019 ulitolewa utafiti wa wanawake 16,741 wa Marekani, wastani wa umri wao miaka 72. Waliokwenda takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa katika miaka ile iliyo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliokwenda hatua 2,700, na faida ilisita kuongezeka zilipofika hatua kama 7,500. Huu si utafiti wa kura, na yumkini mwenye afya ndiye anayetembea zaidi. Hata hivyo unatuambia jambo la kututia moyo: hatua za mwanzo, za mtu aliyekuwa hatembei kabisa, ndizo zenye thamani kubwa.

Sasa tuje kwenye kilo, maana ndipo uongo ulipojificha. Tafiti zikikusanywa pamoja zinaonesha kwamba mazoezi peke yake, bila ya kugusa sahani, hupunguza uzito kidogo tu. Kidogo. Mwali anayetembea wiki 8 na mizani isimsogee hajashindwa: pumzi yake imeongezeka, presha yake huenda imeshuka, mwili wake unaitumia sukari vizuri zaidi. Lakini kwa kuwa ameuziwa kilo, anaiona mizani, analia, anaacha. Kisha anafungua kikopo.

Na kikopo si mchezo. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta kwenye bidhaa za kupunguza mwili, zinazoitwa za asili, dawa iliyofichwa iitwayo sibutramine. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari yake kwa moyo. Haya, mama anayemkataza binti yake kukimbia kwa kuogopa maneno ya watu, halafu akamnunulia unga usio na jina, amemkinga na nini?

Yale yanayotuhusu sisi

Tuanze na mimba, kwa sababu ndani ya mwaka mmoja wa ndoa wengi wetu huwa tumeshafika huko. Tumelelewa kuamini kwamba mjamzito akitembea sana mimba itatoka. Mwaka 2018 na 2019 watafiti wa Canada na wenzao walikusanya majaribio mengi ya wajawazito na kuyachambua kwa pamoja. Mazoezi hayakuhusiana na kuongezeka kwa mimba kuharibika. Yalihusiana na kupungua, kwa takriban asilimia 40, uwezekano wa kisukari cha mimba, presha ya mimba, na ile hali inayotangulia kifafa cha mimba. Dada zetu, sote tunajua kifafa cha mimba kinachukua nani. Kila mtaa una jina.

Hilo ni kwa mjamzito mwenye afya. Aliye na damu inayotoka, kondo lililoziba njia, presha kali, au tatizo jingine aliloambiwa na mkunga, huyo afuate la mkunga wake.

La pili hatulisemi hadharani, na kunyamaza kwetu kumewaumiza wengi. Ni mkojo kuponyoka baada ya kuzaa. Mwanamke anapiga chafya, anahisi unyevu. Anainuka kutoka kwenye sijda, hana hakika na udhu wake. Anarudia udhu, anarudia sala, mwisho anaacha kwenda kwenye taraweh kwa wasiwasi, na anadhani ni jambo lake peke yake. Si lake peke yake hata kidogo. Na lina mazoezi yake: kukaza misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu, kama unazuia haja, kuhesabu, kuachia, kurudia kila siku. Uchambuzi wa Cochrane uliokusanya majaribio ya wanawake ambao hawakuwa na tatizo hilo ulikuta kwamba waliofundishwa zoezi hili mapema katika mimba walikuwa na hatari iliyo pungufu kwa asilimia 62 ya mkojo kuponyoka mwishoni mwa mimba. Masomo wetu wanaijua misuli hiyo vizuri sana, na wanaifundisha kwa sababu nyengine! Tunawaomba waongeze sentensi moja tu: mwanangu, usiache zoezi hili ukishika mimba.

La tatu ni bibi zetu. Bibi akianguka chooni, nyonga ikavunjika, mara nyingi huo ndio mwanzo wa kitanda. Uchambuzi mwengine wa Cochrane, wa mwaka 2019, ulikusanya majaribio 108 ya wazee zaidi ya 23,000, ukakuta mazoezi, hasa ya kujisawazisha na ya kujiimarisha, yanapunguza kuanguka kwa asilimia 23. Na misuli ya bibi wa miaka 70 huanza kutunzwa akiwa bi harusi.

Na moyo wenye huzuni? Hapo ushahidi ni mdogo kuliko unavyotangazwa. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2013 ulikuta mazoezi yanawasaidia wenye sonona, lakini majaribio yaliyofanywa kwa makini zaidi yalionesha faida ndogo. Kwa hiyo tembea, In shaa Allah utapata nafuu, lakini anayekwambia uache dawa na daktari kwa sababu unatembea anakudanganya.

Majibu tunayopewa

Tunaambiwa: kazi za nyumbani zinatosha. Kwa mwanamke wa Paje au Jambiani anayeinama kwenye mwani maji yakikupwa, anayebeba gunia kichwani, tunakubali bila ya ubishi. Hata Shirika la Afya Duniani linahesabu kazi za nyumbani na za riziki. Lakini wengi wetu wa mjini tunapika kwa gesi, maji yanatoka bombani, nazi imekunwa sokoni, mashine inafua, bajaji iko mlangoni. Kazi zipo, zinachosha akili, zinamaliza siku, na moyo hauendi mbio hata dakika 10. Kuchoka na kufanya mazoezi ni vitu viwili.

Tunaambiwa: sala ni mazoezi tosha. Sala ni ibada, na tunaisali kwa kuwa tumeamrishwa na Mola wetu. Rukuu na sijda zina baraka zake kwa viungo, lakini ni mwendo mwepesi, usiofika kwenye kile kipimo cha kushindwa kuimba. Mwenye kuipa sala kazi ya mazoezi anaipunguzia sala heshima, na mwili hajausaidia.

Tunaambiwa, kwa sauti ya chini: msichana akiruka, akipanda baskeli, ataharibika kabla ya ndoa. Tulijibu hili bila ya kuzunguka. Mwezi wa Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine mawili ya Umoja wa Mataifa yalieleza wazi kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kukutana na mwanamume au la. Utando huo hutofautiana kwa maumbile. Heshima ya binti iko kwenye dini yake na mwenendo wake, na kumfungia ndani miaka 10 hakumwongezei hata chembe ya heshima hiyo. Kunampunguzia mifupa.

Na tunaambiwa, hili ndilo kubwa: mwanamke wa Kiislamu hakimbii.

Subhanallah. Tunapokwenda Makka, tunafuata nyayo za nani baina ya Safa na Marwa? Bi Hajar, mwanamke, mama mwenye mtoto mchanga, alihangaika mbio akitafuta maji. Mwenyezi Mungu akaufanya mwendo wake kuwa sehemu ya ibada ya kila hujaji, mwanamume kwa mwanamke, mara 7, takriban kilomita 3 kwa jumla. Wangapi wetu wameweka fedha za hija miaka 20, wakafika pale na magoti yamekataa, wakasukumwa kwenye kiti? Mwenye udhuru hana lawama. Lakini mwili ni amana, na maandalizi ya hija si fedha peke yake.

Na Bi Aisha (R.A.)? Alishindana mbio na Mtume wetu (S.A.W.), akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipoongezeka, wakashindana tena, akashindwa, na Mtume akamtania kwamba hii ni kwa ile. Katika riwaya, aliwaambia watu watangulie kwanza. Lizingatieni hilo, enyi waume na mashekhe zetu. Hakusema mke wangu asikimbie kwa kuwa kuna watu. Aliwaondosha watu, mke wake akakimbia.

Basi tunataka nini

Tunataka watu watuondokee njiani, kwa maana ile ile.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022 zinasema asilimia 34 ya wanawake duniani hawafikii kile kipimo cha mwendo, na wanaume ni asilimia 29. Pengo hilo halikuletwa na uvivu. Pita viwanja vyetu alasiri, Maisara au vya shehia yoyote, uhesabu nani anacheza na nani anapita pembeni na mfuko wa mkate. Kule Nungwi wasichana walifundishwa kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na picha zao zikapata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Stara haikuzuia maji. Kilichokuwa kimezuia ni kwamba hakuna aliyewafundisha.

Kwa hiyo, walimu wa skuli na masheha: tupeni kiwanja chenye ukuta mara 2 kwa wiki, saa moja, wanawake watupu. Hatuombi jengo jipya. Ukuta upo, kiwanja kipo, kimefungwa kufuli kuanzia alasiri.

Masomo na makungwi wetu, mnaosikilizwa kuliko daktari: pamoja na singo, udi na yale mengine mnayoyajua, mfundisheni mwali kutembea nusu saa kwa siku kuwa ni haki ya mwili wake, kabla ya harusi, ndani ya mimba, baada ya arubaini.

Mama zetu: mkikaa na wazee wa bwana harusi kuzungumza mahari na makazi, ulizeni na hili. Je, binti yetu ataruhusika kutoka kutembea na wenzake alfajiri? Jibu litakuonesha mengi kuliko idadi ya sanduku.

Waume zetu: nusu saa, mkishika mtoto. Au bora zaidi, viatu, mkatembee pamoja. Sunna hiyo mnaikumbuka mara chache.

Na wewe mwali unayesoma haya usiku, kesho una kipimo cha gauni. Fundi ana uzi, gauni hutanuliwa. Moyo wako hautanuliwi na fundi. Kesho baada ya sala ya alfajiri vaa baibui lako na viatu vya chini, mgongee jirani, mtembee mpaka msiweze kuimba. Mkirudi, kunyweni chai ya tangawizi ya kawaida, isiyokata tumbo la mtu. Na keshokutwa, na baada ya fungate, na baada ya mtoto wa tatu, iwe hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu atupe afya, na atupe waume na mama watakaotufungulia mlango. Amin. Wabillahi tawfiq.